Fundi Barafu na Nyanya Zilizoshikwa na Baridi

Kinyozi hajinyoi, sawa, tumesikia. Lakini hajatokea kinyozi aliyejitia mbolea ya ndevu. Fundi Barafu alikaribia kufanya hivyo. Alikuwa bingwa wa friji, mtu wa kufufua mashine iliyokwisha kutupwa jalalani, na mtaa mzima ulikunywa maji baridi kwa hisani yake. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa tanuri.

Chanzo kilikuwa chumba cha binti yao. Binti alipoolewa, mama yake alidhani chumba kitakuwa cha wageni. Fundi alidhani kitakuwa shamba. Na kwa kuwa katika nyumba ile mambo huamuliwa kwa mashauriano, mkewe, muuguzi wa wodi ya watoto, alirudi siku moja kutoka zamu akakuta kitanda kimeegemezwa sebuleni, dirisha limezibwa kwa mbao, kuta zimebandikwa karatasi inayong'aa kama bati jipya, na ndoo za miche ya nyanya ndogo na mrehani zimejaa sakafuni. Juu yake zilining'inia taa kubwa za manjano, aina ile inayomulika barabara kuu.

“Nilitaka tushauriane,” Fundi alisema, “ila ulikuwa kazini.”

Nyanya zilistawi, tusimdhulumu haki yake. Mpishi wa hoteli ya jirani alizichukua zote, akaagiza na mrehani. Shida ni kwamba taa zile zilitoa mwanga kidogo na moto mwingi. Ukimaliza kumwagilia, unatoka umelowa kuliko miche. Fundi akaona hapo ndipo ujuzi wake utakapong'ara. Akafunga feni, ya kwanza, ya pili, kisha dude kubwa alilolitoa kwenye chumba cha baridi cha bucha lililofungwa, akalipachika ukutani linyonye hewa ya moto na kuitupa nje. Dude liliunguruma kama ndege inayotaka kuruka isiruke. Ukuta wa chumba chao cha kulala bado ulikuwa wa moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa, hivyo muuguzi akahamia sebuleni, kwenye kitanda cha bintiye.

Aliyefaidi ni mama mkwe peke yake. Alikuwa na magoti mabaya, na kila akija kuwatembelea alichukua kiti chake akaenda kuketi katikati ya nyanya. “Mkwe wangu,” alisema, “watu wanakusema, lakini magoti yangu yanakuombea dua.”

Kisha akaja shemeji. Huyu alikuwa ndugu wa muuguzi, muuza vifaa vya umeme, mtu aliyejua kila kitu na kukumbuka nusu yake. Aliingia chumbani, akatoka anapepea shati.

“Shemeji, bado unatumia hizi? Wenzako wote wako kwenye LED. Mwanga safi, umeme kiduchu, joto hamna. Utanikumbuka.”

Fundi alikataa wiki nzima, kwa sababu wazo halikuwa lake. Lilipokuwa lake, alikubali. Taa za manjano zikashushwa, zikapandishwa mbao ndefu za taa nyeupe, kila moja na kisanduku chake cha umeme cheusi mgongoni. Akaziwasha, akanyoosha kiganja chini yake. Hakuna kitu. Akamwita mkewe, akamshika mkono akauweka pale pale kama anayemwonyesha muujiza.

“Umesikia joto?”

“Sijasikia.”

“Basi! Rudi chumbani kwako mke wangu, vita imekwisha.”

Vita ilikwisha kweli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaarifu askari. Feni zote ziliendelea kuzunguka, na dude la bucha likaendelea kunguruma na kunyonya hewa isiyo na kosa lolote. Fundi alizipita kila asubuhi kwa fahari, akamwagilia ndoo kwa kipimo kile kile cha zamani, akaenda zake kutengeneza friji za watu.

Nyanya zikasimama. Hazikufa, hapana, zingekufa zingekuwa zimetoa jibu. Zilisimama tu kama wanafunzi waliopewa adhabu. Majani yakajikunja, upande wa chini ukaingia rangi ya zambarau. Mrehani ukafanya madoa meusi. Udongo uliokuwa ukikauka mara moja sasa ulikaa chepechepe, na kwenye ndoo moja mizizi ilitoa harufu ya soksi.

Shemeji akaitwa. Hakupepesa macho.

“Mwanga hautoshi. Zishushe taa.”

Taa zikashushwa hadi zikaribie kugusa vichwa vya miche. Vichwa vikageuka vyeupe.

“Unaona?” shemeji alisema kwenye simu. “Mbegu hizo. Mbegu siku hizi hazina uaminifu.”

Ndipo muuguzi alipoingia. Kwa desturi hakuingia chumba kile, kama vile mtu asivyomtembelea mke mwenza. Alisimama mbele ya mche, akaligusa jani kwa mgongo wa kiganja, jinsi anavyogusa paji la uso la mtoto wodini. Akagusa la pili.

“Mgonjwa wako yuko baridi,” alisema.

“Baridi ndiyo kazi yangu, mama. Niachie.”

“Mimi nakwambia yuko baridi, na bado unampepea.”

“Miaka yote mnalalamika joto. Sasa nimelitoa, mnalalamika baridi. Niwape nini, nyie?”

Siku mbili baadaye mama mkwe alifika, akachukua kiti chake kama kawaida, akaingia. Haikupita muda akatoka amejifunga kanga mabegani.

“Mkwe wangu, chumba kimeingiwa na nini? Magoti yamegoma.”

“Ni teknolojia, mama,” Fundi alisema kwa heshima zote.

“Aa. Basi hiyo teknolojia inahitaji sweta.”

Fundi aliwaheshimu wanawake wale wawili, na hakuwasikiliza hata chembe. Aliyemsikilizisha ni dude lenyewe. Asubuhi moja lilikohoa, likatoa moshi, likanyamaza. Fundi akalishusha, akalifungua mezani, akakuta mota imeungua. Mota kama ile haikupatikana haraka. Akatembea maduka ya vyuma chakavu, akarudi mikono mitupu, uso umemshuka. Kwa mazoea ya taa za manjano, aliamini nyanya zake zitapikwa zikiwa bado kwenye matawi. Hakuthubutu hata kwenda kuziangalia. Alizima feni nyingine ili azikague nazo, akaziacha zimezima, akajifungia kwenye karakana yake na kulionea huruma dude.

Alipopata ujasiri wa kuingia, alikuta chumba kina uvuguvugu mzuri, kama wa blanketi lililoachwa sasa hivi. Vile visanduku vyeusi vya umeme, ambavyo shemeji aliapa havitoi joto, vilikuwa vimekipasha chumba polepole. Majani yalikuwa yamekunjuka. Kwenye ncha kulikuwa na vichipukizi vipya, vya kijani kabisa. Mashine aliyoitengeneza kwa mikono yake ndiyo iliyokuwa ikiwauguza—samahani, ikiwadhoofisha wagonjwa wake, na dawa ilikuwa ni yeye kushindwa kuitengeneza.

“Mbona zimepona?” mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

“Nilikuwa nafanya jaribio.”

“Jaribio la kuunguza mota?”

“Sehemu ya jaribio.”

Mtu mwingine angeishia hapo. Fundi, aliyekuwa muumini mpya wa joto, akaziba kila tundu na kuendelea na kipimo kile kile cha maji. Chumba kikatoka jasho. Matone yakateremka ukutani, na mrehani uliokuwa ndio kwanza umepona ukavaa ukungu wa kijivu. Mpishi wa hoteli alipopelekewa mzigo, aliunusa, akauliza kwa upole kama umetoka makaburini.

Hapo ndipo Fundi alipoketi, kwa mara ya kwanza tangu aanze ukulima, akafikiri kabla ya kufunga kitu. Akaziinua taa. Akapunguza maji, akawa anachomeka kidole kwenye udongo kwanza. Akaweka feni moja ndogo izungushe hewa humo humo ndani bila kuitupa nje. Akatoa kwenye friji mbovu kile kifaa kidogo kinachoiamuru iwake au ipumzike, akakiunga na feni nyingine aliyoipachika mahali pa dude itoe hewa nje, ili iamke tu chumba kikizidi joto, na akiona ukuta unaanza kulowa aiamshe mwenyewe. Dude la bucha likabaki karakanani bila mota. Mama mkwe akanunuliwa mfuko wa maji ya moto, akausifu kwamba, tofauti na chumba cha nyanya, haumnyeshei mgongoni.

Mavuno yaliporudi, shemeji alikuja na simu yake, akapiga picha za vishada vyekundu kwa ajili ya wateja wake. Aliwaeleza kwa sauti, akijirekodi, jinsi alivyomshauri shemeji yake hatua kwa hatua. Fundi alimshikia taa.

Alipoondoka, muuguzi aliyekuwa akichuma nyanya aliuliza, “Mbona hukumwambia?”

“Nini?”

“Kwamba ulikuwa unazigandisha.”

Fundi alizungusha ndoo kidogo, ingawa haikuhitaji kuzungushwa.

“Maisha yangu yote nimelipwa kufukuza joto,” alisema taratibu. “Nilidhani ukiacha kulifukuza litarudi.” Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: “Uliligusa jani siku moja tu ukajua. Ningekuuliza mapema.”

Kwa Fundi Barafu hiyo ilikuwa hotuba. Mkewe hakumwongezea chumvi kidondani. Aliipangusa nyanya kwenye kitenge chake, akaimega nusu, akatafuna akiwaza.

“Tamu,” alisema. “Ila za kwenye taa za manjano zilikuwa tamu zaidi.”