Jogoo Aliyeliwa kwa Majibu ya Damu

Siku ile tulikuwa wanne uani kwetu Majengo: mimi, mdogo wangu anayeendesha bodaboda, mdogo wetu wa mwisho aliye kidato cha pili, na mama jirani mfuga kuku.

Baba alitangulia, mama akafuata kwa kiharusi. Niliacha shule darasa la sita ili hawa wadogo zangu wawili wapate kula. Kwa hiyo nilipoanza kuona kizunguzungu, niliogopa wasije wakabaki bila mtu. Nikaenda na yule wa bodaboda kupima lehemu, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu. Tulitakiwa tusile tangu jana yake, naye alilalamika njia nzima. Mchana tukapewa karatasi zenye vifupisho vya Kizungu na namba. Daktari angetusomea kesho.

Nani asubiri kesho? Tukazisoma wenyewe kama ripoti za shule. Nilimzidi mdogo wangu kila mstari isipokuwa mmoja.

"Chips zote zile za stendi, ukapata hivi?" nikamcheka.

"Mwalimu kanionea," akasema.

"Dada, tumsubiri daktari," akasema wa mwisho.

"Nyie wasomi mna wivu," nikamjibu.

Sikuwahi kuongoza chochote darasani. Nikamkopa jirani jogoo wake mkubwa, tukamkaanga na ngozi yake, na mapaja yote mawili nikala mimi, mshindi.

Kesho yake daktari akatueleza taratibu. Lehemu mbaya hugandamana kwenye mishipa, damu ikapita kwa shida. Nzuri huichukua ile mbaya na kuirudisha kwenye ini itolewe mwilini.

"Hapa kwenye mbaya ulitakiwa upate ndogo. Hapa kwenye nzuri, kubwa."

"Kwa hiyo nimefeli yote mawili?"

"Yote mawili, mama. Lakini hufi leo. Punguza vya kukaanga, tembea, rudi baada ya miezi mitatu tupime tena."

Mdogo wangu alicheka mpaka akashindwa kuwasha pikipiki.

Sasa kila asubuhi natembea hadi stesheni na kurudi, na mafuta ya kupikia napima kwa kijiko. Jirani hunisubiri mlangoni kwake.

"Kaza mwendo, mwanangu. Usije ukaniondokea na jogoo wangu."

Anataka nimlipe mwenye ukubwa uleule. Nimezunguka soko zima, wote ni vijogoo. Namwambia avumilie, kisha nakaza mwendo.