Kila Idi Barabara Ilizidi Kuwa Nyembamba

Kuna mlio mmoja nikiusikia najikuta nimesimama, hata kama nimebeba ndoo kichwani. Ni ule wa gemu ya magari kabla mashindano hayajaanza: pii, pii, pii, halafu piiii ndefu, na injini zote zinanguruma kwa mpigo. Hapa Kiwalani ninapoishi kuna banda la gemu limegusana na ukuta wangu, kwa hiyo mlio huo naupata tangu watoto watoke shule mpaka adhana ya magharibi. Juzi nilikuwa barazani nachambua mchele, nikawasikia wanabishana. Mmoja anasema gemu ya mwaka huu imekubali, gari linashika lami, na mvua ikinyesha unaiona mpaka kwenye kioo. Mwenzake anamjibu wapi, ya mwaka jana ndiyo ilikuwa gemu, hii wameipaka rangi tu. Nikacheka peke yangu. Halafu kicheko kikanikauka, nikaacha mchele nikaingia ndani.

Nawaambia nyie kwa sababu ndugu zangu nikiwaambia tunaishia kulia wote. Baba yangu leo haoni. Haoni kabisa, ukimpa chai unamwekea kikombe mkononi na kumfunga vidole. Na macho yake hayakuondoka kwa ajali wala kwa homa. Yaliondoka kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, sebuleni kwetu Mbagala, sie wote tumekaa pale tunaangalia gemu.

Baba alikuwa dereva wa lori la mchanga. Alikuwa anapakia huko Kimbiji na kuja kumwaga kwa watu wanaojenga, na sifa yake ilikuwa kurudi nyuma kwenye uchochoro ambao mwingine asingeingia hata na mkokoteni. Alipenda kuendesha kupita kiasi. Mama alikuwa akimtania kwamba angekuwa na uwezo angelala na usukani kitandani. Ndiyo maana siku moja alirudi na mashine ya gemu iliyokwishatumika, imefungwa kwenye shuka, akasema ni ya watoto. Ya watoto wapi! Mie na mdogo wangu Kondo tulikuwa tunaishika akiwa kazini.

Kila Idi baada ya mfungo, pamoja na nguo mpya, baba alituletea gemu mpya ya magari, ya mwaka huo. Aliinunua kwa Kaka Sudi, kijana aliyekuwa na kibanda cha CD karibu na soko. Kava ilikuwa inanukia plastiki, namba ya mwaka imeandikwa kubwa, na gari limechorwa juu yake: mwaka huu jekundu, mwaka unaofuata la njano. Kaka Sudi aliapa kila mara kwamba imeingia jana tu.

Na ilikuwa lazima ifunguliwe na baba. Tukishatoka kuswali, pilau imeliwa, watoto wa majirani wamejaa mlangoni na nguo zao zinazonukia duka, hakuna aliyethubutu kugusa pedi ya kuchezea. Baba alikaa kwenye kigoda na kanzu yake, akakunja mikono ya kanzu, akaendesha mashindano ya kwanza peke yake. Akimaliza ndipo alipotoa hukumu: ya mwaka huu ikoje ukilinganisha na ya mwaka jana. Hukumu hiyo tuliibeba mtaani na kuitetea kwa ngumi. Mtoto akisema gemu ya mwaka huu nzuri na baba keshasema mbaya, alikuwa na kesi na mie.

Ya kwanza aliisifu mpaka basi. Alisema imetengenezwa na mtu anayeijua barabara. Idi iliyofuata alishinda pia, lakini kwa tabu, jasho linamtiririka, na aliposhusha pedi alikuwa amekunja uso. Akasema wameibana barabara, ya mwaka jana ilikuwa pana.

"Mnaona walivyoifinya?" akatuuliza, akitutazama mmoja mmoja.

"Tunaona, baba."

Na wallahi niliiona. Msidhani nilikuwa nadanganya. Niliikodolea macho ile tivii nikaona kabisa kwamba kingo za barabara zimesogea, nikaenda kuwaeleza na watoto wa nyumba ya pili, nao wakaiona.

Idi nyingine akalalamika kwamba magari ya pembeni yanachomoza tu, hayana hata taa, zamani ulikuwa unaliona gari linakuja. Akatuuliza tena kama tunaona. Tunaona, baba. Iliyofuata akasema wameondoa ile saa ya spidi kwenye kona ya chini, sasa dereva atajuaje anakwenda mwendo gani? Saa ilikuwepo. Kondo, ambaye tangu mdogo mdomo wake haukuwa na breki, akanyoosha kidole kuionyesha. Mama alikuwa anapita na sinia la vikombe, akamkata jicho. Kwetu mtoto habishani na baba yake, tena siku ya Idi, mbele za watu. Baba akamuuliza alikuwa anasemaje. Kondo akasema hamna kitu.

Mara ya mwisho hakumaliza hata mzunguko mmoja. Aligonga ukuta, akarudi barabarani, akagonga tena, akaiweka pedi chini taratibu. Alisema hii ya sasa wameiharibu kabisa, wamejaza giza, chezeni nyie. Akatoka nje na kanzu yake akakaa barazani, watu wakipita na kumpa mkono wa Idi. Sie tulifurahi kwamba leo tumeipata pedi mapema.

Haukupita muda mrefu akamgonga mwendesha baiskeli. Alikuwa anakata kona kuingia mtaani, mtu akaja upande wa kushoto, baba hakumwona kabisa. Yule mtu alivunjika mguu, alhamdulillahi akapona, lakini tajiri mwenye lori alichukua funguo. Hospitali wakasema ni presha ya macho. Mama akamuuliza daktari inawezekanaje mtu apofuke bila kujua. Akajibiwa kwamba ugonjwa huu hauumi. Unaanzia pembeni, mbele mtu anaona vizuri, anadhani ni vitu ndivyo vimepungua. Angeletwa mapema, kungekuwa na dawa ya matone ya kuyalinda yaliyobaki. Kilichokwishapotea hakirudi. Mama alilia kwenye korido mpaka watu wasiotujua wakaja kumshika. Mie nilikuwa msichana mkubwa wa sekondari, na hata hapo sikuunganisha daktari na gemu.

Nimekuja kuunganisha Idi iliyopita. Tulikutana wote Mbagala, nyumba ile ile. Kondo alikuwa ameipeleka ile mashine ya zamani kwa fundi, ikakubali kuwaka, akamwekea bintiye Rehema na rundo la CD zetu, kila moja kwenye kava yake. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake akisikiliza. Rehema akaweka moja, akacheza kidogo, akatoa, akaweka nyingine. Baadaye akamlalamikia Kondo.

"Baba, hizi zote ni gemu moja."

Kondo akamwambia hajui anachosema, hizi ni za miaka tofauti. Akachukua pedi mwenyewe. Daraja lile lile, handaki lile lile, gari la buluu linakupita pale pale kwenye kona ya kuteremka. Akabadilisha ya gari jekundu kwa ya njano, ya njano kwa ya kijani. Kitu kimoja. Kaka Sudi alikuwa anachoma nakala ya CD ile ile kila mwaka na kubadilisha kava. Nasi hatukuwa na kadi ya kutunzia tulipofikia, kila tukizima tunaanza upya, tungejuaje? Kondo alicheka mpaka akakaa chini, akikumbuka tulivyopigana na watoto wa mtaa mzima kwamba ya njano ina magari mengi zaidi.

Kisha akaniangalia. Sijui nani alianza kuelewa, mie au yeye, ila kicheko kilikatika. Barabara haikufinywa. Hakuna aliyeondoa saa wala kuongeza giza. Miaka yote ile gemu ilikuwa ile ile, na baba alikuwa anatueleza, Idi baada ya Idi, mbele ya mtaa mzima, jinsi macho yake yanavyokwisha.

"Mbona kimya?" akauliza baba.

Nilitaka kumficha, nikashindwa. Nilikaa chini karibu na miguu yake nikamweleza yote, na habari ya Kaka Sudi. Nilidhani atacheka. Hakucheka, wala hakumlaani mtu. Alikaa anakunjua na kukunja upindo wa kanzu.

"Nilikuwa nawauliza, Mwanaidi," akasema. "Mwaka ule wa pili nilishaanza kuogopa. Lori linanipotezea kingo za barabara, simwambii mtu, mtu akijua nitawalisha nini? Nikasema ngoja niwaulize watoto, wao macho yao mapya. Mkasema mnaona. Nikamshukuru Mungu, nikasema kumbe ni gemu."

Nilitamani kumwambia kwamba tuliona kweli, kwamba akisema yeye ndivyo tulivyoona, nikaishia kumshika mguu. Akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa changu, akaweka kiganja juu ya mtandio.

"Mlikuwa watoto wenye adabu nyie," akasema. "Hamkuwahi kunibishia."

Alikuwa anatusifu. Nilimjua baba, hakuwa na kijembe ndani yake, alikuwa anatusifu kwa moyo wote, na mama kule jikoni akaitikia kwamba ni kweli, tulikuwa na adabu sana.

Wanangu mie wananibishia. Nikisema mchuzi umekolea chumvi wanasema haujakolea, nikisema taa inafifia wanasema haififii, mpaka majirani wanasema Mwanaidi kalea vibaya. Nawaacha.