Mzee wa Ndimu

Kila asubuhi pale Acapulco, mzee wa ndimu hukaa ukingoni mwa jabali wanakojirushia wapiga mbizi. Huachia ndimu moja, akaitazama ikianza taratibu kisha ikishuka kama risasi, huku midomo yake ikihesabu bila sauti. Leo wimbi lilipojaa chini, Nazario, mgeni wa kazi, akakunja magoti.

“Tulia wewe, una haraka ya kaburi? Wimbi hilo utalikuta limeshaondoka.”

Maji yakarudi nyuma, mawe yakabaki wazi.

“Haya, sasa.”

“Kwenye mawe, mzee?”

“Nenda, mwanangu.”

Nazario akajirusha, na kabla hajafika chini wimbi jipya likayafunika mawe. Alipopanda kumshukuru, alimkuta mzee ametulia vilevile, ila ndimu ya pili ilikuwa imepondeka kiganjani mwake, maji yakimchuruzika mpaka kiwikoni.