Walimpeleka Shule Aliyepoteza Mbuzi

Wenzangu mliokuwa watoto enzi ya maziwa ya nyayo, nyinyi mtanielewa. Hawa wa siku hizi nimewaacha. Ukiwaambia ulikuwa unatembea kutwa nzima nyuma ya mbuzi, wanakuuliza simu ulikuwa unachaji wapi.

Mimi ni wa upande wa Sericho, na miguu yangu mpaka leo haijakubali kwamba tulihama. Kabla ya adhana ya alfajiri nimeshaamka. Natoka nje ya plot hapa Bulla Pesa, mjini Isiolo, nasimama, hakuna zizi la kufungua, narudi ndani, natoka tena. Mke wangu amechoka na mimi. "Baba Watoto, kaa chini, unanizungusha kichwa."

Tulikuwa tunacheza na mawe. Meupe ni mbuzi, meusi ni ng'ombe, lile lenye nundu ni ngamia, na unajenga zizi lako kwa miiba mpaka vidole vinatoka damu. Maziwa yalinuka moshi wa kibuyu. Viatu ni akala za tairi ya lori. Jioni vumbi la mbuzi lilifika nyumbani kabla ya mbuzi, na akko, nyanya yetu, aliwakagua wote kwa macho tu, bila kuinuka.

Ndugu yangu Dida alinitangulia kuzaliwa, lakini kwa mbuzi alikuwa bure kabisa. Alilala kivulini, akaota, akiamka mbuzi wako kwa fisi. Mimi mbuzi walinijua sauti. Nikipiga mluzi, hata yule aliye ng'ambo ya lugga, ule mto mkavu wa mchanga, anainua kichwa. Watu walinisifu, na mtoto akisifiwa anaongeza bidii. Si ndiyo?

Basi chifu akaja na askari kanga. "Kila boma itoe mtoto mmoja aende shule. Na msiniletee maneno." Akina mama walilia kama kuna msiba. Shule wakati ule ilikuwa kama kodi, unatoa kile ambacho hakikuumi. Baba yangu alikuwa mpole, mwenye neno alikuwa kaka yake, Baba Mkubwa Jarso. Amekufa, lakini nitamtaja. Alitutazama mimi na Dida kama mtu anayechagua wa kupeleka sokoni, akasema, "Peleka huyu wa kulala. Akapoteze vitu vya serikali."

Watu wakacheka. Dida akapandishwa lori analia, kamasi tele, na mimi nikamcheka mpaka lori ikapotea.

Likizo akarudi. Ndugu zangu! Miguuni viatu vya kamba. Shati inanukia sabuni. Ametuletea maziwa ya nyayo, ile pakiti ya pembe tatu ambayo serikali iliwagawia watoto shuleni. Akko akaigeuza mkononi, akauliza, "Huyu ng'ombe wa karatasi analishwa nini?" Tulicheka sana. Halafu Dida akachukua kijiti, akachora mchangani, akaniambia, "Hili ni jina lako." Nililizunguka siku nzima nikifukuza mbuzi wasilikanyage. Jina ni langu, na anayelijua ni yeye.

Tangu hapo sikutulia. Niliitaka shule kama mtu anavyotaka maji. Na njia ya kwenda shule si niliiona kwa macho yangu? Unapoteza mbuzi. Siku moja nikawapeleka mbali, nikawaacha nyuma ya kilima, nikakimbia nyumbani na uso wa mtu mjinga kabisa. "Baba, mbuzi wamepotea." Baba akainuka kutafuta fimbo. Hajaishika bado, tukaona vumbi. Mbuzi wote, mpaka yule kilema wa nyuma, wamenifuata mbio, wanalia wakinitafuta.

Jarso alicheka mpaka akakaa chini. "Mmeona? Huyu hata akiwatupa wanarudi. Huyu haendi mahali."

Mama akasema polepole, "Shemeji, mtoto anataka kusoma."

"Achunge kwanza. Mbuzi wakiisha, atasoma."

Mbuzi waliisha. Ule ukame wa miaka ya themanini mnaukumbuka. Asubuhi tuliwainua kwa mikono wasimame, mchana wamelala tena, na wengine hawakuamka. Tukaingia Isiolo juu ya lori, tukala unga wa njano wa msaada. Nikajipeleka shule mwenyewe, ndevu zimeanza kuchungulia. Mwalimu mkuu, Kirimi, akanitazama juu mpaka chini. "Wewe umekuja kusoma ama umekuja kuoa?" Darasa zima likavunjika mbavu. Sikurudi. Nilienda soko la mifugo kushikia watu kamba za ng'ombe wao, na huko nikazeekea. Haya maandishi mnayoyasoma nilijifunza gumbaru, ile shule ya watu wazima, nikiwa na watoto wangu.

Kwa hivyo wenye makosa nawajua. Ni Jarso, ni Kirimi, na ni yule chifu aliyetaka mmoja tu kwa kila boma, kama vile wa pili angemaliza chaki.

Mwezi uliopita msichana wa chuo kikuu alipita hapa plot kwa plot. "Mzee, nafanya utafiti wa vile watu wanapanda na kushuka kimaisha." Suruali yake imepasuka magotini, na aliinunua hivyo hivyo dukani. Aliposikia habari ya Dida akafurahi. "Baba mmoja, mama mmoja. Mbona mwenzako akawa mkubwa wa ofisi na wewe ukabaki? Alikushinda bidii?"

Nilisimama, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi. "Mwanangu, bidii ndiyo ilinibakisha."

Akaacha kuandika. Alinitazama kama nimemtukana.

Na huyo Dida sasa amestaafu, amenunua mbuzi, amewaweka upande wa Ngaremara. Anaajiri vijana, vijana wanaweka nyaya masikioni, mbuzi wanapotea. Juzi akaja hapa na gari yake. "Ndugu yangu, njoo unichungie. Kijana wa leo hawezi hii kazi."

Nikamwambia sitaki mshahara. Msichana wangu wa mwisho, Halima, alipita mtihani wa kidato cha nne vizuri sana, na sasa anafulia watu nguo. "Wewe mlipie chuo. Mimi nitachunga mpaka amalize."

Dida akashika ndevu. "Hilo ni jambo kubwa. Wacha nifikirie."

Bado anafikiria. Enzi zetu Baba Mkubwa Jarso, ambaye hakujua hata herufi moja, aliamua maisha ya watoto wawili kabla chai haijapoa. Siku hizi watu wamesoma, hawana haraka, na Halima yuko pale nje anaanika shuka za wengine.