Jinamizi la Mchana

Utotoni kwangu, nyumba yetu ya Seven Hills, Sydney, ililala mchana. Mama alikuwa na zamu za usiku za kuhudumia wazee kwenye makao yao, na aliporudi asubuhi Baba alikuwa ameshaondoka kwenda kazini kwake, kwenye ghala huko Ingleburn. Nikitoka shule nilivua viatu mlangoni na kunyata, maana Mama akiamshwa alikuwa mkali.

Alikuwa mkali hata asipoamshwa. Aliamka kichwa kinamuuma, akanywa chai amesimama, akasahau alichotaka kusema. Daktari alishampima damu na kumpa vidonge. Baba alisema ni kazi tu. Kila Mwafrika tuliyemjua Sydney alikuwa amechoka, kwa hiyo hatukuona ajabu.

Kisha Bibi, mama yake Mama, akaja kutoka Tanga kukaa nasi miezi michache. Mchana hakuwa na la kufanya, akawa anakaa kwenye kiti karibu na mlango wa chumba cha binti yake, tasbihi mkononi. Siku moja nilipoingia aliweka kidole mdomoni kwake.

"Sikiliza."

Mama alikuwa anakoroma. Nilitaka kucheka, kama Baba alivyozoea kucheka siku za mapumziko alipohamia sebuleni na mto wake. Mara mkoromo ukakatika. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikamwona amelala chali, kifua kinapanda na kushuka lakini hakuna hewa inayoingia. Midomo ya Bibi ilikuwa inacheza, anasoma sura ya Kurani. Halafu Mama akashtuka kama mtu aliyeibuka majini, akavuta pumzi kwa nguvu, akaanza kukoroma upya.

"Umeona?" Bibi alininong'oneza. "Jinamizi linamkaba."

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama nilivyozoea, kwamba huko ni kukoroma tu. Hakunielewa, au alijifanya. Akanieleza kwamba jinamizi humkalia mtu kifuani, hasa anayelala chali, likamziba koo. Likimzoea mtu humla nguvu kidogo kidogo. Kaka yake Bibi alikabwa hivyo kwa miaka, na asubuhi moja hakuamka.

Hamu ya kucheka ikaniisha.

Kesho yake Bibi alifukiza ubani chumbani. King'ora cha moshi kililia nyumba nzima, Mama akatoka mbio amejifunga kanga moja.

"Mama! Hapa si Tanga! Nina kazi leo!"

Bibi aliubeba ubani wake nje bila kubishana. Aliporudi alisema, "Basi usilale chali. Hilo tu, mwanangu."

Mama alisonya, akafunga mlango.

Wiki iliyofuata, Mama alirudi kutoka kazini akanichukua kunipeleka shule, Bibi akiwa kiti cha nyuma. Tulipokaribia kipilefti gari halikupunguza mwendo. Niligeuka nikamwona Mama ameshika usukani, kidevu kimegusa kifua. Bibi alipiga kelele akimwita jina. Gari likapanda ukingo, likavunja uzio wa watu, likazimika. Hakuna aliyeumia. Mama hakuachia usukani. "Sikulala," alirudia. "Nilifumba macho tu."

Kwa daktari tulikwenda wote. Yeye aliuliza habari za kazi na mawazo, Mama akajibu kwa ufupi. Bibi akanigusa bega.

"Mwambie linamkaba."

"Mama, tafadhali," alisema Mama, uso umemwiva kwa aibu.

"Mwambie."

Sikujua jinamizi linaitwaje kwa Kiingereza. Nikasema kuna kitu kinamkaba Mama akilala, pumzi inakatika, halafu kinamwachia. Daktari aliacha kuandika, akamgeukia Bibi, akaniomba nimuulize pumzi hukatika kwa muda gani.

"Nasoma Kulhuwallahu yote, taratibu," alisema Bibi, "na bado hajavuta hewa."

Nilimtafsiria kwa shida. Daktari akaitikia kwa kichwa, akampeleka Mama kupimwa usingizi hospitalini Parramatta.

Huko walimbandika nyaya, akalala, wakaona kile Bibi alichokuwa akikisikia. Misuli ya koo ilikuwa inalegea, njia ya hewa inajifunga, na mwili unazinduka kuvuta pumzi bila mwenyewe kujua, tena na tena. Ndiyo maana aliamka amechoka kuliko alivyolala. Moyo nao ulikuwa unahangaika. Presha ilishaanza kupanda. Mama hakuwahi kumwambia daktari yeyote kwamba anakoroma. Kwetu mwanamke hakoromi.

Akaambiwa alale ubavu, asiendeshe gari mpaka aruhusiwe, na avae barakoa yenye mashine ndogo ya kupuliza hewa. Aliichukia. Ilimchubua pua, akawa anaivua akiwa usingizini. Bibi alikuwa akiingia na kumvisha tena.

"Mashine ni nzuri," alisema. "Ila na mimi nitaendelea kusoma."

Safari hii Mama hakubisha.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Wanangu wakiniuliza kuhusu jinamizi nawaeleza habari za koo na hewa, na nayaamini ninayowaeleza. Lakini pia nawaambia kwamba kati yetu sote, ni Bibi peke yake aliyekaa chini akamsikiliza Mama akilala, na hakutulia mpaka mtu akafanya jambo.

Miezi ile ile, Bibi akiwa bado nasi na usingizi wa Mama umetulia, Mama alianza kukaa nami mezani nikila baada ya shule. Alinisimulia alivyokuwa akitoroka chuo cha Kurani kwenda kuogelea. Aliwaiga wazee wa kazini kwake, sauti na mwendo, akacheka mpaka akajishika mbavu. Bibi alimtazama, akasema, "Huyu ndiye binti yangu."

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza naonana naye. Mpaka siku hizo niliamini nimezaliwa na mwanamke mkali, asiyependa maneno.