Piza ya Baba Isiyo na Nyanya

Baba yangu aliugua kiungulia kwa kelele. Alisimama mlangoni, akashika kifua, akabeua mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Hospitalini walimpa tembe za kutafuna, wakamwambia aache pilipili, chai kali na hasira. Tembe alizitafuna. Hayo mengine aliyachukua kama maoni ya watu.

Ilikuwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa nimerudi nyumbani, upande wa Sosiot, baada ya kumaliza kozi ya mapishi Nairobi. Kazi sikuwa nimepata, ila nilikuwa na hamu kubwa ya kuwapikia watu piza, chakula ambacho pale kwetu hakuna aliyekuwa amekiomba.

Siku moja tulienda na wazazi mjini Kericho kununua kitambaa cha mapazia. Mwenye duka alikuwa mama Mhindi aliyezoeana na mama yangu tangu nikiwa mdogo. Alipokuwa anapima kitambaa, baba akabeua. Yule mama akaweka mkasi chini, akamtazama machoni, akamwambia atoe ulimi. Baba, ambaye sijawahi kumwona akitii amri ya mtu, akautoa.

"Mzee, wewe ni pitta," akasema.

Baba akarudisha ulimi. "Nipite niende wapi? Si bado tunanunua?"

Yule mama akacheka, kisha akatueleza kwamba kwao kuna elimu ya kale ya tiba iitwayo Ayurveda, na humo kila mtu ana tabia yake ya mwili. Pitta ni mtu wa moto. Hutoka jasho haraka, hukasirika haraka, hupenda kubishana, na chakula kikichelewa nyumba nzima itajua.

Mama yangu alivuta kiti cha wateja akaketi. "Endelea, dada," akasema. "Kumbe hata India wanamjua?"

Dada akaendelea. Pilipili aache. Nyanya aache. Kila kitu kichachu aache, pamoja na maziwa yaliyolala. Hapo baba akageukia mlango. Mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, alikuwa akiyanywa tangu kabla hajaota meno.

Mimi nikaona nafasi yangu. Nikauliza kama mtu wa moto anaweza kula piza.

"Ile ya hoteli, hapana. Itamchoma," akasema. "Lakini ukipika mwenyewe, kwa nini isiwezekane?"

Basi tukaitengeneza upya kwa maneno palepale kwenye kaunta. Badala ya nyanya, malenge. Unga wa atta, ule wa ngano isiyokobolewa, bila hamira. Jibini mbichi ya maziwa ya siku hiyo hiyo, samli kidogo, jira, dania, na mboga chungu, kwa sababu uchungu hupoza. Kisha ale adhuhuri, ametulia, bila redio na bila ugomvi.

"Bila ugomvi?" mama akauliza. "Hiyo ni dawa ama ni muujiza?"

Jumamosi nikaanza kazi. Nilichemsha maziwa, nikakamulia limau ili yagande. Wakati huohuo kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, akaingia jikoni kutafuta kijinga cha moto. Aliyaona maziwa yakikatika vipande vipande ndani ya maji ya kijani, akashika kichwa.

"Maziwa imekufa!"

"Haijakufa, kogo. Ni mimi nimeikata."

"Wewe mwenyewe? Kwa mkono yako?" Akatoka nje akaniombea kwa sauti, na majirani waliokuwa wakichuma majani chai ng'ambo ya ua wakaitikia amina bila kujua wanaombea nini.

Oveni hatukuwa nayo. Niliweka sufuria juu ya jiko, nikaifunika, nikapanga makaa juu ya kifuniko. Piza ya kwanza iliungua chini na kubaki mbichi juu, nikampa mbwa. Ya pili ilitoka nzuri sana: malenge ya rangi ya machungwa, jibini nyeupe, na sageti, ile mboga yetu chungu, ikiwa imejikunja pembeni.

Adhuhuri mama alizima redio, akaomba, na baba akaanza kutafuna kimya kama mtu aliyefungwa. Hajamaliza kipande cha kwanza, jirani yetu akaingia bila hodi.

"Ng'ombe wako amekula mahindi yangu!"

Baba akafungua mdomo. Mama akainua kidole. Baba akaufunga, akaendelea kutafuna.

"Si naongea na wewe? Mstari mzima umeisha!"

Baba alitafuna. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

Jirani alimgeukia mama. "Huyu ana nini leo?"

"Anakula dawa. Akigombana haifanyi kazi. Keti, mzee, ule."

Jirani akaketi. Alirudia mashtaka yake, safari hii kwa sauti ya chini. Hakujibiwa. Akaonja piza, akatazama dari, akaonja tena. Na kwa vile hakukuwa na mtu wa kumpinga, akaanza kumtetea ng'ombe. "Lakini pia," akasema, "ua wangu pale chini ulianguka tangu mvua ile. Ng'ombe hajui kusoma mpaka."

Macho ya baba yaliwaka. Alinitazama mimi, akamtazama mama, akitusihi tuwe mashahidi. Mama hakushusha kidole.

Huenda tungemaliza kwa amani kama jirani hangenyoosha mkono na kuchukua kipande cha mwisho.

"Hiyo ni dawa yangu!" baba akanguruma, na kila kitu alichokuwa amekimeza kuhusu ule ua kikatoka kwa mkupuo. Walitoka nje wakibishana, wakateremka hadi kwenye ua, na jioni nikawaona wakichimba mashimo ya nguzo, bado wanabishana.

Usiku ule baba hakubeua. Nilidai ni malenge, mama akadai ni kile kimya, na kogo, aliyekula kipande chake kwa mursik, akadai ni maombi yake. Baba mwenyewe hakuwahi kukubali kwamba kile ni piza. Pale kituo cha kuuzia majani chai aliwaambia wenzake kwamba binti yake amesomea Nairobi, na sasa ni daktari wa chapati.