Vidole Vyangu Vitatu Vilivyokataa Kukunjika

Ninawaandikia ninyi mnaoanza mafunzo ya upishi, hasa mliotoka vijijini kama mimi.

Naitwa Koku. Kwetu ni Ijumbi, Muleba. Niliishia kidato cha pili, nikabaki nyumbani nikilima na kupika. Nilipopata nafasi ya kusomea upishi bure mjini Bukoba, nililia mpaka Mama akauliza nani amefariki. Kila nikimenya ndizi nilijiona nipo hoteli kubwa, wageni wanauliza, "Hiki chakula kapika nani?"

Kilichoniponza ni majivuno. Nyumbani tunafunika ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa majani ya mgomba, na mpishi hodari huyafunua kwa mikono mitupu. Sufuria la chuoni lilikuwa kubwa mno. Mwalimu Adela, mkufunzi wetu, alisema tuvae glavu nene na tufunue kwa upande wa mbali, ili mvuke utokee huko. Mimi nikacheka.

"Waitu Mwalimu, haya nimezaliwa nayo!"

"Mwacheni nshomile wetu, msomi anayejua yote," mwenzangu Deo akanitania.

Mwalimu alipogeuka, nikafunua majani kwa upande wangu, mikono mitupu. Mvuke ukanipiga mkono wa kulia, vidoleni hadi kwenye kifundo. Ngozi ikang'aa, ikawa nyekundu, kisha yakatoka malengelenge. Sikupiga kelele. Wiki iliyofuata tulikuwa tunapelekwa hotelini kwa mafunzo ya vitendo, nami niliamini wakijua watanirudisha Ijumbi. Nilipaka dawa ya meno, nikavaa glavu, nikaendelea kukata vitunguu huku natabasamu.

Siku ya tatu malengelenge yalipasuka humo ndani ya glavu. Usaha ukaanza kunuka. Homa ikanitetemesha, kisu kikanidondoka. Deo akanivua glavu kwa nguvu. Alipoona mkono, utani wote ukamwisha, akakimbia kumwita Mwalimu.

Hospitalini daktari aliondoa ngozi iliyokufa pamoja na dawa ya meno iliyogandamana nayo. Nililia kama mtoto.

"Binti, ungechelewa zaidi tungekuwa tunazungumzia kukata vidole," alisema.

Mwalimu Adela alikaa kando ya kitanda.

"Koku, nani alikwambia nitakufukuza?"

"Hakuna, Mwalimu. Nilijiambia mwenyewe."

Akanifuta machozi kwa aproni yake.

Nililazwa siku kumi na mbili, Mama akinilisha. Kidonda kilipona, lakini kovu likavuta ngozi na vidole vitatu vikakataa kukunjika. Nikishika kisu, kinaanguka. Hapo ndipo niliogopa kweli. Mpishi gani hashiki kisu?

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaniambia, "Mimi naonyesha tu. Wa kuvikunja ni wewe."

Nikavikunja asubuhi, mchana na jioni, kovu nimelipaka mafuta, jasho linanitoka. Wenzangu walikwenda hotelini, mimi nikabaki chuoni nakanda unga wa chapati polepole. Siku nyingine nilikuwa natupa donge mezani na kusema basi, narudi kulima. Halafu naliokota tena.

Mwezi wa nne tangu niungue, Mama alikuja kunitembelea. Nikachukua kisu, nikamenya ndizi moja mbele yake. Muda niliotumia, yeye angemaliza mkungu. Aliitazama ndizi, akanitazama mimi.

"Menya nyingine, omwana wange," alisema, akinisogezea mkungu.

Nilikwenda hotelini na kundi lililofuata. Sasa ninamsaidia Mwalimu Adela kufundisha. Baridi ikija kovu huwasha, na kidole cha mwisho hakifiki kiganjani, lakini kisu nakishika. Namshukuru Mungu, Mama, madaktari, na Deo aliyenivua glavu bila kuniomba ruhusa.

Ukiungua, weka mkono kwenye maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika ishirini. Usipake dawa ya meno wala unga. Sema siku hiyo hiyo. Na kama unaona aibu kumwambia Mwalimu, njoo kwangu kwanza. Nipo jikoni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, tutakwenda kwake pamoja.